Kabla Hajauma

Jumatano, 11 Januari 1956

Daftari hili nimepewa na Isihaka, dresa, mfunga vidonda wa zahanati. Sikuliomba. Nilimsindikiza Liberatus kushonwa nyusi, nikarudi na daftari, penseli, na amri ya kuandika kila siku kama mtoto wa darasa la pili. Darasa la pili ndilo nililoishia kwa mapadre, kwa hiyo mimi na daftari tumelingana.

Nieleze mambo yalivyokuwa, maana Isihaka amesema niandike kama kwa mtu asiyetujua.

Tekla ni mjukuu wangu, binti wa marehemu binti yangu. Ana miaka kumi na tisa. Hasemi, ila maneno matatu: maji, basi, na jina la mbuzi tuliyemla zamani. Mikono yake inajua kazi kuliko ya wengi wanaosema. Lakini akipandwa na lake huuma. Huuma mkono wake mwenyewe mpaka damu, na usipokuwa mbali atauma wako. Kinachokuwa karibu anakirusha.

Leo kilichokuwa karibu ni mbeta, kile kipande cha mwanzi tunachokingia ulanzi, pombe ya mianzi, na aliyekuwa mbele yake ni Liberatus. Liberatus ni mdogo wa marehemu mume wangu. Tangu mume wangu azikwe yeye ndiye mkubwa wa ukoo, na mpaka leo hajamaliza kulifurahia jambo hilo.

Njiani kwenda zahanati, kitambaa kichwani, akaniambia, "Shemeji, mwaka huu nimechoka. Msimu wa ulanzi ukikatika tutakaa kikao. Kama hajatulia, atiwe gogo."

Gogo ni kipande cha mti mzito chenye tundu. Mguu unapitishwa, chuma kinapigiliwa, mtu haendi tena popote. Niliwahi kumwona mwanamume ng'ambo ya mto aliyekaa nalo miaka saba. Mguu wake ulikuwa kama wa mtoto.

Nikamjibu, "Gogo likija uani kwangu nitalipikia maharage."

Alitaka kucheka, kidonda kikamuuma, akaacha.

Alhamisi, 12 Januari

Mvua tangu alfajiri. Hakuja mtu. Tekla amechambua maharage ungo mzima bila kelele. Sina cha kuandika.

Jumapili, 15 Januari

Baada ya misa walikuja watu tisa. Msimu huu nyumba yangu haikosi watu, mianzi yangu ya bondeni ni mitamu na Kalenga nzima inaijua. Tekla amerukwa na akili mara tatu. Ana shetani wa mchana huyu.

Jumatatu, 16 Januari

Kavunja kata mbili. Shetani.

Alhamisi, 19 Januari

Isihaka kapita na baiskeli yake, matope mpaka magotini. Ni mtu wa Mlandege, kule Iringa mjini, babu yake alikuja na misafara kutoka pwani, na kiswahili chake kinateleza kama mafuta. Kasoma daftari langu akiwa amesimama.

"Bibi, hapa umeandika 'amerukwa na akili'. Zilirukia wapi?"

"Usinichezee, mwanangu."

"Sichezi. Mimi sikuwepo, nataka nione. Alifanya nini, kwa mkono upi, kwa nani?"

"Kwani kuna haja? Ana wazimu, basi."

Akaketi. Akasema ujanani alifanya kazi miaka sita katika nyumba ya wagonjwa wa akili, akishika daftari la wodi. Aliyetoka zamu hakuruhusiwa kuandika 'mkorofi' wala 'mbaya' wala 'leo kazidi'. Aliandika mambo matatu: kabla palikuwa na nini, mgonjwa alifanya nini, na baada yake watu walifanya nini. Hayo tu.

"Na shetani je?" nikamuuliza.

"Shetani mwandike, Bibi. Ila uandike alikuja saa ngapi na alikuja na nani."

Nikamwambia katika umri huu sifundishwi kuandika na mtu niliyemzidi miaka thelathini. Akasema hewaa, na akaacha penseli nyingine.

Jumamosi, 21 Januari

Haya, kama anavyotaka.

Kabla: aliingia mwalimu wa dini. Nikamwita Tekla aje kumwamkia.
Alichofanya: alipiga goti moja, akauma mkono wake wa kushoto, akamrushia mwalimu ndala.
Baada: nilimkaripia nikamfukuza jikoni. Alikaa huko akatulia.

Jumapili, 22 Januari

Kabla: wageni wanne. Nikamwita aamkie.
Alichofanya: alimkwaruza wa kwanza shavuni. Hao wengine hawakungoja zamu yao.
Baada: nilimfukuza jikoni. Akatulia.

Ninaandika hapa ili ijulikane kwamba sikumlea vibaya. Wanangu wote walipiga magoti, wakatoa mikono miwili, wakamwambia kila mtu kamwene na kumuuliza za kwao mpaka za ng'ombe. Tekla hasemi, lakini magoti anayo na mikono anayo. Sitaki Liberatus aseme mjukuu wa Matilda hana adabu. Kila mgeni namwita aje, hata akikataa mara kumi.

Jumanne, 24 Januari

Kabla: Liberatus kaja kuangalia kama ametulia. Nikamwita Tekla aamkie.
Alichofanya: mate. Kisha meno.
Baada: jikoni.

Sedekia, anayenigemea mianzi, alikuwa amesimama pale akatazama yote, akaweka mbeta zake chini akaondoka. Huyu mzee hana adabu hata chembe. Huingia kwa mlango wa bondeni, mikono imejaa, wala hasemi hata kamwene. Nimemwambia mara ngapi.

Alhamisi, 2 Februari

Leo kaja Fanueli seremala. Kasema anapita tu. Fundi anayepita tu habebi kamba.

Nilikuwa shambani napalilia, nikamwona kutoka kwenye mahindi. Kamkuta Tekla ameketi barazani, kachuchumaa, kazungusha kamba kwenye kifundo cha mguu wake, taratibu, kama mtu anayemfunga mtoto kiatu. Tekla kamwacha. Alikuwa anakula muwa.

Nikafika na jembe.

"Unapima nini, Fanueli?"

"Nimeagizwa, Bibi."

"Na nani?"

"Unamjua."

"Basi pima mguu wako kwanza. Lala nalo gogo lako wiki moja, ukienda nalo chooni na ukigeuka nalo kitandani. Halafu uje tuzungumze mguu wa mjukuu wangu."

Akasema yeye ni fundi tu, akikataa yeye, aliyemwagiza atakwenda kwa fundi mwingine. Nikamwambia na huyo mwingine mwambie nina jembe. Akakunja kamba. Lakini niliona alikuwa ameshafunga fundo mahali mguu ulipoishia. Kipimo anacho.

Sasa najua Liberatus hakutishia tu.

Jumatano, 15 Februari

Kwaresima imeanza. Tumepakwa majivu. Nimeweka nia: rozari nzima kila asubuhi kwa ajili ya Tekla, na sitatia ulanzi mdomoni mpaka Pasaka.

Jumamosi, 18 Februari

Hakuna kitu.

Jumatano, 22 Februari

Hakuna kitu. Mvua kubwa, kijito kimekata njia. Rozari.

Jumapili, 26 Februari

Tekla ametulia siku kumi na moja. Kidonda cha mkono wake kimeanza kuota ngozi. Mwanangu Timotheo alikuja jana kutoka Iringa mjini, anakoendesha gari la serikali, akanikuta mimi na Tekla tunamenya maboga, akaniuliza nimempa dawa gani. Nikamwonyesha rozari. Akacheka, lakini niliona kafurahi. Timotheo ndiye mwanaume wa nyumba hii. Kikao kikija, Liberatus atasema, lakini neno la mwisho juu ya Tekla ni la Timotheo. Tatizo ni kwamba Timotheo hajawahi kumpinga baba yake mdogo hata juu ya kuku.

Jumatatu, 5 Machi

Hakuna kitu. Kaimba leo, bila maneno, akitwanga.

Alhamisi, 8 Machi

Isihaka kaja. Nilimwekea daftari mbele yake mwenyewe kabla hajaomba maji. Siku ishirini na tatu, mara moja tu kauma, nayo ni siku aliyokuja karani wa jumbe.

"Unaona kazi ya sala," nikamwambia.

Akageuza kurasa nyuma, akageuza mbele. Yeye ni Mwislamu, naye ni mtu wa heshima, alichagua maneno kama anayechagua mchele.

"Sala siigusi, Bibi. Ila niambie, wiki hizi tatu nani hakuja?"

"Nani hakuja kivipi? Ni Kwaresima. Watu wameacha ulanzi."

"Kwa hiyo hawaji."

"Hawaji kufanya nini? Kunywa maji yangu ya kisimani?"

Akaweka kidole kwenye ukurasa wa Januari, mahali nilipoandika nikamwita aamkie, na akakiacha hapo. Nikamuuliza ana maana gani. Akasema hana maana yoyote, maana iko kwenye daftari. Nikamwambia kama amekuja kunifundisha kwamba Mungu hasikii, njia ni ile ile aliyoijia. Akaondoka. Hakunywa maji.

Jumamosi, 17 Machi

Hakuna kitu.

Jumapili, 1 Aprili. Pasaka

Ninaandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto umefungwa.

Baada ya misa nilikuwa na furaha. Nilivaa kitenge kipya, Tekla nikampaka mafuta nikamvika gauni la bluu. Nilitaka watu wamwone. Nilitangaza mwenyewe pale mlangoni mwa kanisa: njooni wote, ulanzi umeiva, mjukuu wangu kapona. Nilitaka Liberatus asikie, na alisikia.

Walikuja watu zaidi ya thelathini. Nikamweka Tekla kwenye kigoda karibu na mlango, nikasimama nyuma yake. Kila aliyeingia nilimgusa bega Tekla apige magoti. Wa kwanza alipiga. Wa pili alipiga. Watu wakasema "kumbe", nikavimba kichwa. Wa tatu alipiga goti moja. Wa nne ni mke wa karani, mwanamke anayependa kuulizwa za nyumbani mpaka za jikoni, akamshika Tekla mikono yote miwili akaanza: kamwene, kamwene, za siku nyingi, umekuwa mkubwa, huniulizi hali? Tekla alikuwa anavuta mikono. Niliona. Nikamkandamiza bega chini.

Alimuuma mke wa karani kidole. Watu wakapiga kelele. Aligeuka, akaangusha chungu cha ulanzi, kikapasuka, akashika kigae akaanza kujikata mkono ule ule uliokuwa umepona. Nilipojaribu kukichukua, kikanipata kiganja.

Nami nikampiga. Nilichukua mwiko nikampiga mjukuu wangu mgongoni mara tatu mbele ya watu thelathini, siku ya Pasaka, kwa sababu alikuwa amenitia aibu. Kisha nikamburuta jikoni nikafunga mlango.

Ndani ya jikoni akanyamaza hapo hapo. Kama moto uliomwagiwa maji. Nje watu walikuwa bado wanapiga kelele, mimi natokwa damu, na yeye ameketi kwenye kuni ananitazama, ametulia kabisa. Hakuwa na hasira. Alikuwa amefika alikokuwa anataka kwenda.

Liberatus alinisaidia kufunga mkono. Alimwambia Timotheo, mimi nikisikia, "Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Mei. Fanueli ameshamaliza."

Jumatatu, 2 Aprili

Sikwenda shamba. Nimeketi barazani tangu chai, nimesoma daftari langu mwenyewe, herufi kwa herufi, kama ninavyosoma katekisimu.

Nikamwita. Nikamwita. Nikamwita aamkie. Nimeandika hivyo mara ishirini na sita. Na chini yake, mara ishirini na sita: jikoni, akatulia.

Siku za mvua hakuna mgeni, hakuna meno. Kwaresima hakuna mgeni, hakuna meno. Na Sedekia, mzee asiye na adabu, anaingia humu ndani kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni, na hajawahi kuumwa hata mara moja. Kwa sababu haamkiwi. Anaweka mbeta, anaondoka.

Tekla hawezi kukaa mbele ya mtu akishikwa mikono na kutazamwa machoni. Inamchoma. Anataka kuondoka, na hana neno la kuomba kuondoka. Kwa hiyo anauma. Akiuma, nani anamwondoa? Mimi. Nimemwita kwenye moto, na nimemfundisha kwamba mlango wa kutokea ni meno. Miaka kumi na miwili. Shetani alikuja saa zote na alikuja nami.

Sitaki mtu anionee huruma kwa haya. Nimeyaandika kwa sababu ndivyo yalivyo.

Alhamisi, 5 Aprili

Nilitembea mpaka zahanati. Isihaka alinifungua mkono, akatazama.

Nikamwambia, "Ni mimi."

Akasema, "Ni kuamkia, Bibi."

"Ni mimi. Usinipake mafuta. Sasa nifanye nini?"

Akasema mambo mawili. La kwanza, kuondoka nisimnyang'anye. Mtu anayetaka kutoka lazima atoke. La pili, nimpe njia nyingine ya kuomba, nyepesi kuliko kuuma, ambayo mkono wake unaweza. Na akiomba, apewe pale pale, hata kama mgeni ni askofu. Ikichelewa mara mbili atarudi kwenye meno, kwa maana meno hayachelewi.

Tulichagua kiganja begani. Mgeni akitokea tu, kabla Tekla hajapandwa, mimi nachukua kiganja chake nakiweka begani kwangu, nasema "nenda", naye anakwenda.

"Na adabu?" nikamuuliza.

"Adabu ni yako, Bibi. Mimi ni dresa."

Jumapili, 8 Aprili

Nimekaa njiani, mwanzoni mwa ua, kwenye kigoda. Kila anayekuja kunywa namwambia: hapa pananyweka, lakini haamkiwi mtu. Ingia, keti, kunywa. Ukitaka kamwene, nipe mimi, nitakujibu mpaka uchoke. Yule binti usimshike, usimwite, usimtazame.

Wengine wamecheka. Mzee mmoja alisema tangu azaliwe hajaingia ua usioamkia. Nikamwambia basi leo umezaliwa mara ya pili.

Kiganja begani: mara tano, mkono wangu ukiongoza wake. Meno: mara moja.

Jumanne, 10 Aprili

Kiganja: mara tatu. Meno: mara nne. Imezidi. Isihaka alisema itazidi kabla haijapungua, lakini kusema ni rahisi ukiwa Mlandege.

Ijumaa, 13 Aprili

Meno mara mbili. Nilitaka kulitia daftari motoni. Nikakumbuka kamba ya Fanueli.

Jumatatu, 16 Aprili

Leo mwenyewe.

Alikuja Sedekia na mgeni nyuma yake, mtu asiyejua habari zetu, akaanza: kamwene mama, kamwene binti. Mimi nilikuwa nakoroga uji, nimewapa mgongo. Nikasikia kitu kizito kidogo begani. Kiganja. Sikumshika, sikumwonyesha. Nikasema "nenda", na akaenda mpaka kwenye mianzi, akaketi.

Uji uliungua. Tumekula ulioungua.

Jumamosi, 28 Aprili

Timotheo kaja kutoka mjini. Hakuketi.

"Mama, watu wanasema nyumba yetu haina malezi. Mjini wananiuliza kama ni kweli umepiga marufuku salamu."

"Ni kweli."

"Baba mdogo anasema umemharibu Tekla na sasa unaharibu ukoo."

"Na wewe unasemaje? Nimezaa mwana au nimezaa barua ya Liberatus?"

Kaona haya. Nikampa daftari. Alisoma ameegemea ukuta, midomo ikitembea. Alipofika Pasaka akaacha kusoma akanitazama, nami nikatazama kuku. Wakati wa kuondoka alimpita Tekla bila kumwita. Tekla hakuinuka. Lilikuwa jambo dogo, nimeliandika.

Jumatano, 9 Mei

Mianzi inatoa kidogo. Sedekia anasema wiki moja tu, zaidi haitatoa. Meno: hakuna, siku ya kumi na nne.

Jumamosi, 19 Mei

Walikuja saa tatu asubuhi. Liberatus, wazee wawili wa ukoo, Timotheo, na Fanueli akiwa na gogo kwenye baiskeli, amelifunika gunia kama mtu anayeficha nyama. Baridi imeanza, wazee walikuwa wamejifunika mablanketi.

Liberatus alisema maneno yake. Damu ya nyusi zake, kidole cha mke wa karani, ukoo wetu na heshima yake tangu enzi za wazee. Alisema vizuri, sitamnyima hilo. Kisha akasema, "Shemeji, una la kusema?"

Nikasimama na daftari. Mimi, Matilda, ambaye sijawahi kumwomba mtu samahani mbele ya watu, niliwasomea. Niliwasomea Januari yote. Niliwasomea Kwaresima. Niliwasomea Pasaka, na mwiko, na niliyoandika kesho yake. Mahali pamoja nilirudia mstari tangu mwanzo. Nikawaambia: miaka kumi na miwili mimi ndiye niliyekuwa namuumisha, kwa adabu. Kama ni gogo, mguu ni huu hapa, nimezeeka lakini nina kifundo.

Mzee mmoja akakohoa. Liberatus akasema, "Karatasi ni karatasi. Nataka nione."

Tekla alikuwa kwenye mkeka, anachambua njugu mawe. Liberatus alitembea mpaka mbele yake akasimama. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua, na wazee katikati.

"Mjukuu wangu. Nisalimie."

Nikasema, "Liberatus, tafadhali." Mimi kusema tafadhali.

"Nisalimie, nimesema. Mimi ni babu yako."

Tekla aliinuka. Alitazama nilipo, niko mbali. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshaanza kwenda mdomoni, ule wenye makovu. Nilijua. Nilijua kila kitu kilichokuwa kinakuja, ningeweza kukiandika kabla hakijatokea.

Ndipo akanyoosha mkono wa kulia akaweka kiganja begani kwa Liberatus.

Mwanamke kumwekea mkono begani mkubwa wa ukoo, mbele ya wazee. Mzee mmoja alisema "ala". Liberatus alisimama kama mti. Nadhani hajawahi kushikwa bega na mtu tangu mama yake afariki.

"Anakuomba ruhusa," nikasema. "Sema nenda."

Hakusema.

"Sema nenda, Liberatus. Hakutukani. Anakuomba kama mtu."

Hakusema. Mkono wa kushoto ukafika mdomoni. Meno yakagusa ngozi. Fanueli akaanza kufunua gunia.

"Nenda," akasema Timotheo.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anavyosema na mtu kwenye gari. Tekla akaondoa kiganja, akaondoa mkono mdomoni, akampita Liberatus, akawapita wazee, akaenda kwenye mianzi. Hakuna aliyeguswa.

Timotheo akamgeukia baba yake mdogo. Alikuwa amekunja kofia mpaka imekuwa kamba. "Baba mdogo, Tekla atakaa hapa bila gogo. Mimi ndiye mjomba wake. Nimesema."

"Umesema mbele yangu?"

"Mbele yako, baba."

Liberatus akajifunga blanketi lake. Akaniambia hatakanyaga tena ua usio na salamu, wala watoto wake hawatakanyaga, na siku ya kuvuna nisitume mtu kuomba mikono. Nikamjibu kwamba mikono ninayo minne. Wazee wakamfuata. Fanueli alibaki nyuma anafunga gogo lake upya, akasema bila kunitazama, "Mti ni mzuri, Bibi. Nitautoa kigoda."

"Usiulete hapa," nikamwambia.

Jumatano, 30 Mei

Tunavuna wawili. Mgongo unauma. Aliyekuwa anakuja kila mwaka na watoto wake sita hakuja, wala jirani zake. Jumapili kanisani benchi letu lilikuwa na mimi peke yangu na nafasi pande zote mbili. Niliimba kwa nguvu zaidi.

Jumanne, 12 Juni

Baridi kali, ukungu mpaka saa nne.

Kaja mwanamke nisiyemjua, kafunga kanga mbili kichwani, miguu ina vumbi la safari. Jina lake Mwantumu, ametoka Idodi, kalala njiani kwa ndugu. Alisikia habari zangu kwenye kilabu cha pombe, kwa mzee mmoja aliyekuwa anatusema vibaya sana: kuna mjane Kalenga amefuta salamu kwa ajili ya binti mwenye wazimu, na binti sasa haumi. Liberatus anatembea mbali kunichafua, na anafika mbali.

Alitaka kupiga magoti. Nikamzuia. Tekla aliweka kiganja begani kwangu, nikamwambia nenda.

Mwantumu alimfuata kwa macho mpaka alipopotea kwenye mianzi. Akasema ana kaka yake, Makame, mtu mzima, anajigonga kichwa ukutani mpaka damu. Wamemfunga kamba tangu mfungo uliopita. Akaanza kulia, akasema ni majini, ni mkosi wa familia, kaka yake alikuwa mtu mwema lakini siku hizi ni mnyama.

Nikampa uji. Nikamwambia, "Mwanangu, futa machozi. Mnyama sikumuuliza, wala mkosi. Mara ya mwisho alipojigonga, kabla hajajigonga, palikuwa na nini?"

"Hapakuwa na kitu, Bibi. Alianza tu."

"Nani alikuwa karibu?"

"Mimi. Na baba."

"Baba alikuwa anafanya nini?"

Akafikiri. "Hakuwa anafanya kitu. Alikuwa anamwambia ale."

Nikaenda ndani kuchukua penseli.